St Ives hadi Pendeen kwa siku moja? Anzia Zennor

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyezoea kutembea kilomita 20 mjini anaweza kumaliza St Ives hadi Pendeen, kule Cornwall, kwa siku moja. Kuweza anaweza. Ila mimi nimeipita njia ile, na nakushauri utembee nusu ya kwanza tu, tena kwa kuigeuza: asubuhi panda basi St Ives hadi kijiji cha Zennor, kisha rudi kwa miguu. Hapo hukimbizani na basi la jioni, na chakula na kitanda viko mbele yako.

Usidanganywe na kilomita. Zennor hadi St Ives ni kama kilomita 10, lakini jipe saa nne hadi tano za kutembea. Njia nzima ya pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, kilomita 1,014 toka Minehead hadi Poole, ilitokana na doria za askari wa pwani waliokuwa wakisaka wafanya magendo. Walilazimika kuchungulia kila ghuba, ndiyo maana hakuna mkato: unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda, unakuta bonde jingine.

Kinachochosha hasa ni mawe. Kuna vipande njia inapotea kabisa kwenye graniti. Unashika kwa mkono, unapandisha goti, unatafuta pa kukanyaga. Katikati yake kuna tope jeusi. Lipime kwa fimbo kwanza, na vaa viatu vinavyoshika kifundo. Ukipotea, tafuta nguzo yenye alama ya tunda la mwaloni.

Kabla ya kuondoka Zennor, ingia kanisani. Kuna kiti cha mbao cha karne ya 15 kilichochongwa nguva, kioo mkono mmoja, kitana mkono wa pili. Wenyeji husimulia kuwa alimpenda kijana mwenye sauti nzuri, wakatokomea wote baharini. Kwetu tuliokulia pwani, hadithi za namna hiyo si ngeni, na mimi nilisimama pale muda mrefu.

Bahari itakuwa kushoto kwako. Ukifika mkabala na miamba ya Carracks, kaa chini, nyamaza, tazama: sili, wale wanyama wa baharini, hulala juu yake, rangi moja na jiwe, hadi mmoja ainue kichwa.

Beba maji na chakula, njiani hakuna duka. Upepo ukiwa mkali, ahirisha. Kuanzia rasi ya Clodgy Point njia inalainika hadi ufukwe wa Porthmeor.

Zennor hadi Pendeen, kwenye mnara wa taa wa mwaka 1900, ipe siku yake.