Kinyonga wangu miguu inapinda na ulimi haufiki, nimpe matone ya vitamini D?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina kinyonga wa Yemeni, yule mwenye kishungi kikubwa kichwani, nilimpata akiwa mdogo sana na sasa hivi ana kama miezi 7. Wiki 3 zilizopita nikaanza kuona anatembea kwa kuyumba, miguu ya mbele imepinda na anaegemea viwiko badala ya kushika tawi, juzi kaanguka mara 2. Kingine, nyenje anamuona vizuri tu, anamlenga, anafungua mdomo, lakini ulimi unatoka kidogo unaishia njiani. Kula anakula nyenje kila siku na nawapaka unga wa kalsiamu. Tanki lake ni la kioo, nimeliweka dirishani apate jua la asubuhi mpaka saa 6, na juu ana balbu ya joto. Rafiki yangu kaniambia nimpe matone ya vitamini D kila siku. Nimpe? Na hiyo miguu itanyooka?

JIBU: Nzuri dada yangu, na asante kwa kueleza kwa kirefu maana hapo kwenye dirisha ndo umenipa jibu. Matone usimpe kwanza, nakuja huko. Miguu kupinda, kutembelea viwiko, kuanguka na ulimi kuishia njiani, vikija vyote kwa pamoja kwa kinyonga ambaye bado anakua basi cha kwanza ninachokifikiria ni ugonjwa wa mifupa kulainika kwa kukosa kalsiamu. Kuthibitisha bila kumshika na kumpiga eksirei siwezi, lakini nisingesubiri wiki nyingine, huyo anatakiwa aonwe na daktari wa wanyama anayejua reptilia ndani ya siku 1 au 2. Na ukiona vidole vinacheza vyenyewe, au anakakamaa, au degedege, hapo ni saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Najua utasema lakini dokta kalsiamu si nampa? Unampa kweli, ila haiingii. Utumbo hauwezi kunyonya kalsiamu vizuri bila vitamini D3 (aina mojawapo ya vitamini D), na kinyonga D3 yake sehemu kubwa anaitengeneza mwenyewe kwenye ngozi. Kwenye ngozi kuna kitu cha jamii ya kolesteroli, kikipigwa na miale ya UVB (miale ya jua isiyoonekana kwa macho), hasa ya urefu wa nanomita 290 mpaka 315 hivi, kinabadilika, halafu joto la mwili linamalizia kukigeuza kuwa D3, kisha inapita kwenye ini, inapita kwenye figo, huko ndo inakuwa ile homoni yenyewe inayouamuru utumbo uchukue kalsiamu. Sasa mwale ukikosekana pale mwanzo, huko mbele kote hakuna kinachofanyika, unaweza kumpaka nyenje unga mpaka awe mweupe kabisa na kalsiamu nyingi ikaishia kutoka na kinyesi.

Na kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia karibu UVB yote. Hapa ndo watu wengi wanaumia bila kujua, tena watu wanaojali kama wewe, kwa sababu mwanga unapita, joto linapita, unamuona mnyama kajikunjua kabisa anaota jua na wewe moyo unatulia, kumbe ule mwale wenyewe umebaki nje. Kwako vioo ni viwili, cha dirisha na cha tanki. Balbu ya joto nayo haina UVB hata iwe kali vipi, na taa za LED za kawaida hivyo hivyo. Kwa hiyo kwa miezi yote hiyo 7 kinyonga wako amekaa sehemu yenye mwanga mwingi lakini kwa mifupa yake ni kama giza.

Kinachofuata ndani ya mwili ni hivi. Kalsiamu kwenye damu haitakiwi kushuka, moyo unaihitaji na misuli inaihitaji kila sekunde, kwa hiyo ikianza kupungua kuna tezi ndogo karibu na shingo zinamwaga homoni ya kuichomoa kutoka kwenye mifupa. Mwili unabomoa mifupa ili moyo uendelee kupiga. Mtoto anayekua ndo anaharibika haraka zaidi maana anatakiwa ajenge mifupa mipya wakati huo huo ile ya zamani inabomolewa, na mfupa laini ukibeba uzito unapinda, au unavunjika kabisa hata kwa kumshika tu kwa nguvu kidogo. Taya nalo linalainika, ukiligusa taratibu linabonyea kama mpira (usilibonyeze wewe, muachie daktari).

Ulimi sasa. Ulimi wa kinyonga unarushwa, ndani yake kuna kijiti kama mfupa na msuli umekizunguka, ule msuli ukijibana unauteleza ulimi kwa kasi kubwa mpaka unafika mbali kuliko urefu wa kiwiliwili chake. Msuli wowote ili ujibane unahitaji kalsiamu, ikipungua unakosa nguvu, na wa ulimi ndo unaumbuka mapema kwa sababu kazi yake ni nzito mno. Kinyonga anayelenga vizuri halafu ulimi unaishia njiani mimi namtilia shaka hata kama miguu bado imenyooka. Ulimi unaweza kugoma kwa mambo mengine pia, kuumia, maambukizi mdomoni, kukosa maji, ndo maana nasisitiza aonwe.

Turudi kwenye matone. Vitamini D inayeyuka kwenye mafuta, mwili unaitunza, haitoki na mkojo kirahisi kama vitamini C. Ukimpa kila siku matone yaliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu, kwa mnyama ambaye uzito wake ni gramu tu, kuzidisha ni rahisi sana, na ikizidi kalsiamu inaenda kuganda pasipotakiwa, kwenye mishipa ya damu, kwenye figo, na hilo huwezi kulirudisha nyuma. D3 ya kwenye ngozi haina hatari hiyo kwa sababu mwanga ukizidi ngozi inaibadilisha ile ya ziada kuwa vitu visivyo na kazi, yaani mwili unajipimia. Ndo maana napenda kinyonga aipate kwa mwanga kuliko kwa chupa. Daktari anaweza kuamua kumpa D3 kwa kipimo, au kalsiamu ya maji ya kunywa, na sindano ya kalsiamu kama ana degedege, lakini hiyo iwe ni baada ya kumpima uzito na kumuangalia, siyo ushauri wa rafiki hata kama ana nia njema.

Taa unayotakiwa kununua ni tyubu ya UVB ya reptilia, zile nyembamba ndefu zinazoitwa T5, kwa kinyonga wa Yemeni ile ya asilimia 5 au 6 inatosha, za asilimia 10 na kuendelea zimetengenezwa kwa wanyama wa jangwani. Mimi tyubu naipendelea kuliko balbu fupi za kuzungusha kwa sababu inasambaza mionzi upana mzima wa banda, ile fupi inampata akikaa chini yake tu. Iweke juu ya wavu, siyo juu ya kioo wala plastiki, na tawi la juu analootea liwe kama sentimita 15 mpaka 20 chini ya taa. Ujue wavu wenyewe unakula mionzi, mwingine theluthi nzima, inategemea matundu yake. Ukipata mtu mwenye kipimo cha UV, pale mgongo wake unapokaa tafuta 3 hivi kwenye fahirisi ya UV (UVI). Iwashe saa 12 asubuhi, izime saa 12 jioni, usiku giza kabisa.

Halafu andika tarehe kwenye tyubu kwa kalamu ya wino mzito. UVB inaisha kabla mwanga haujaisha. Nimeshapokea kinyonga mwenye ugonjwa huu huu ambaye mwenyewe aliapa taa ya UVB anayo na inawaka kila siku, ilikuwa inawaka kweli, ila haijabadilishwa tangu alivyoinunua miaka 2 nyuma. T5 badilisha kila baada ya miezi 12, zile fupi miezi 6, hata kama bado inang'aa kama mpya.

Joto pia lina sehemu yake, bila joto chakula hakimeng'enywi na ile D3 haikamiliki vizuri. Pale anapootea iwe nyuzi 28 mpaka 30, sehemu nyingine za banda 22 mpaka 26, usiku ishuke. Pima kwa kipimajoto, usikisie kwa mkono.

Jua la moja kwa moja ni zuri kuliko taa yoyote, ukiweza mtoe nje nusu saa asubuhi, ila kwenye kitundu cha wavu chenye majani na kivuli cha kujificha, na ukae naye hapo hapo. Tanki la kioo usilitoe juani hata kwa dakika 10! Linageuka oveni na kinyonga anakufa humo wakati umeenda kupokea simu.

Kuhusu chakula, nyenje peke yake ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kama mara 9 hivi, na kinyonga anahitaji iwe kinyume, kalsiamu 2 kwa fosforasi 1. Unga ndo unasawazisha hapo, kwa hiyo endelea nao ila uwe wa kalsiamu tupu usio na fosforasi, na umpake nyenje dakika ile ile unayompa, kwa sababu nyenje anajisafisha na ndani ya muda mfupi unga wote umebaki kwenye sakafu ya banda. Ule wenye D3 na vitamini nyingine mara 2 kwa mwezi inatosha ukishakuwa na taa. Nyenje nao walishe vizuri siku nzima kabla ya kumpa, karoti, boga, majani ya haradali, siyo spinachi maana ina asidi inayoishika kalsiamu isinyonywe. Na umchanganyie, wale funza wa nzi weusi wanaofugwa kwa kulishwa takataka wana kalsiamu nyingi wenyewe hata bila unga, funza wa unga hao wengine wana mafuta zaidi.

Kwa usiku huu kabla hujafika kwa daktari, shusha matawi yote yawe chini, asiwe na pa kuanguka zaidi ya sentimita 15 hivi, na chini tandika taulo. Matawi yawe membamba yanayoenea kwenye kiganja chake na mengi, yakaribiane. Usimng'oe kwenye tawi, ukimvuta huku kashika unaweza kuuvunja mguu, weka mkono mbele yake apande mwenyewe. Ulimi haufiki kwa hiyo usimuachie nyenje wakimbie, waweke kwenye kikombe karibu na mdomo au mshikie kwa kibano awakamate kwa taya. Usimlazimishe chakula cha maji kwa bomba la sindano kama hujafundishwa, kikiingia kwenye njia ya hewa umeongeza ugonjwa mwingine. Maji mnyunyizie majani mara kwa mara mpaka umuone analamba matone, na angalia mkojo wake, ile sehemu ngumu inatakiwa iwe nyeupe, ikiwa ya njano nzito au rangi ya chungwa maji hayamtoshi na figo zinateseka. Mpime uzito kwa mizani ndogo ya jikoni uandike, daktari atakushukuru.

Kuhusu miguu nitakwambia ukweli. Uliopinda mara nyingi hubaki umepinda, mfupa utakuwa mgumu tena lakini kwenye umbo hilo hilo. Ila nguvu inarudi, ulimi kwa wengi unarudi, na nimeona vinyonga wenye miguu ya kupinda wanapanda, wanawinda, wanaishi miaka yao vizuri tu. Inachukua miezi, siyo siku, na wiki za mwanzo unaweza usione tofauti yoyote, usikate tamaa ukaanza kuongeza dozi.

Kuna kitu hujakitaja na mimi kinanisumbua, ni dume au jike? Mwangalie nyuma ya kisigino cha miguu ya nyuma, dume wa Yemeni ana kijipembe kidogo hapo tangu anapototolewa, jike hana. Kama ni jike, kwa miezi 7 anaweza kuwa ana mayai tumboni hata kama hajawahi kuona dume, wanataga bila kupandwa, na mayai yanaweza kuwa makumi, na kalsiamu yote hiyo inatoka kwenye hiyo mifupa ambayo tayari haina kitu. Akikosa nguvu ya kuyatoa yanakwama na anaweza kufa. Kwa hiyo akiwa hana kijipembe, mwambie daktari aangalie mayai kwenye eksirei hiyo hiyo ya mifupa, na wewe leo leo muwekee ndoo pana yenye mchanga wenye unyevu, kina sentimita 30, mchanga ambao ukichimba kwa kidole shimo halibomoki, umuwekee tawi la kushukia humo kwa urahisi, na ukimkuta anachimba funika banda kwa shuka umuache, akijua anaangaliwa ataacha.