Masuali na majibu: sauti kwenye Linux

Nani aliyeileta sauti kwenye Linux? (Msomaji, Wete)

Hannu Savolainen wa Finland. Mwaka 1992 aliandika draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kadi ya sauti ya Sound Blaster, na kazi ile ikakua hadi ikaitwa OSS (Open Sound System). Programu ilikuwa inafungua /dev/dsp, faili linalowakilisha kadi ya sauti, inamwaga namba, spika inalia. Tabu yake ni kuwa kwa kadi nyingi, programu moja ikishashika mlango huo, nyengine hazipiti. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela akaanzisha ALSA, mfumo mwengine wa draiva za sauti, mwanzoni kwa ajili ya kadi ya Gravis Ultrasound. Toleo la 2.6 la kerneli, yaani kiini cha Linux, lilipotoka Desemba 2003, ALSA ndiyo ikashika nafasi ya OSS. Historia hii ishikeni, maana maelekezo ya zama za OSS bado yamezagaa mtandaoni na yanawaharibia watu mashine.

Nimeandika `cat wimbo.wav > /dev/dsp`, ikanikatalia ruhusa. Nikaingia kama root (mtumiaji mwenye ruhusa zote), ikakubali, lakini kimya. Niweke mfumo upya? (Mlandege)

Usiweke. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyasema. Mashine yako haina OSS, kwa hivyo ulipoingia kama root umeunda faili la kawaida lenye jina hilo, na linakula RAM yako. Andika `ls -l /dev/dsp`: herufi ya mwanzo ikiwa `-` badala ya `c`, si kifaa, lifute. Kisha utoke kwenye root na uandike `aplay wimbo.wav`. Amri usiyoijua ikikataliwa ruhusa, hiyo ni sababu ya kusita, si ya kutafuta nguvu zaidi.

Laptop haitoi sauti. Nisaidie. (Chake Chake, na wengine wengi)

Kila siku suali hili, na kila siku bila ya maelezo. Anza na `aplay -l`. Ikiwa haioni kadi, tatizo ni draiva au fimuwea (programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe). Kwa laptop nyingi mpya za Intel zenye Debian, weka paketi ya firmware-sof-signed kisha washa upya. Ikiwa inaiona, fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi (usiangukie ile ya HDMI, inayopeleka sauti kwenye skrini ya nje), na penye MM, yaani sauti imezimwa, bonyeza M. Malizia na `speaker-test -c 2`. Bado kimya? Niandikie yote yaliyotokea kwenye skrini, neno kwa neno.

Hedifoni inalia upande mmoja tu. (Mkoani)

Jaribu hedifoni nyengine kwanza. Hewa yetu ya chumvi hula jeki.

Narikodi udi, lakini najisikia kwa kuchelewa. Niweke JACK? (Mkunazini)

JACK ni seva ya sauti ya kurikodia bila ya kuchelewa sana. Ikiwa una PipeWire, seva ya sauti ya Wim Taymans, huna haja. Programu za JACK na za PulseAudio (seva ya sauti ya matumizi ya kawaida) zote hupita humo. Kuchelewa kunatokana na bafa, fungu la sauti linalosubiri kupitishwa: fremu (vipimo vya sauti) 1024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 21, fremu 128 hazifiki 3. Andika:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128`

Sauti ikikatikakatika, panda hadi 256. Ukimaliza kurikodi, rudisha kwa kuweka 0. Na hedifoni za bluetooth ziweke kando: zina ucheleweshaji wao wenyewe, na bafa hiyo haiuondoi.