Mzee wa lori, nane zake mbili, na vizibo vyangu

Jumatatu kuna kijana ameniandikia, ati amesoma poka, ule mchezo wa karata wa pesa, kwenye YouTube miezi 3, anajua kila kitu, lakini kila akipiga blafu (kubeti, yaani kuweka pesa, kama mwenye karata kali na kumbe hana) kwenye meza ya mtaani wanamkoli tu, yaani wanaweka kiasi hichohicho ili waone karata, sasa anataka nimwambie blafu gani huwa inafanya kazi. Nilicheka halafu nikanyamaza, kwa sababu Jumamosi iliyokuwa imepita tu mimi mwenyewe, mtu mzima na watoto wangu, nilikuwa nimeacha shilingi 195,000 kwenye chumba kimoja nyuma ya loji hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama watoto. (Na wewe kijana umesema una miaka 22, kasino za Kampala usizifikirie, sheria ya 2016 inataka uwe na 25, usije kuniuliza na hiyo.)

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuklia mizigo mpakani, na jioni makaratasi yakikwama tunacheza Texas Hold'em (poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani) na madereva wanaongoja. Chipsi za kasino hatuna, tunatumia vizibo, cha soda ni 1,000 cha bia ni 5,000. Na bila kujisifu, kwenye ile meza anayejua poka ni mimi. Mwaka jana nilikaa kasino Kampala usiku mzima nikatoka na faida mpaka nikarudi nyumbani na speshohaya, gari la kukodi peke yangu, siyo teksi ya kubanana. Nasema hivyo mjue sikupigwa kwa sababu ya ugeni.

Sasa Jumamosi kuna mzee mmoja, dereva wa Mombasa, mpole sana, mfuko wa karanga mkononi, anakoli kila kitu. Kila kitu! Nikapata eisi na kwini za shupaza, nikareizi (nikapandisha dau) 10,000, wote wakafoldi (wakatupa karata zao) isipokuwa yeye. Flopu, zile karata tatu za kwanza mezani, ikaja kingi ya kopa, nane ya uru, nne ya pau. Sina kitu, lakini nikajiambia hapa nitajifanya nina kingi mkononi, niwe na jozi yake. Nikabeti 15,000, mzee akakoli huku anatafuna. Karata ya nne mbili ya kopa, nikaweka 40,000, akakoli bila hata kuniangalia. Riva, yaani karata ya tano na ya mwisho, jeki ya pau. Poti, fungu la pesa la katikati, ilikuwa 133,000 na mimi nimebaki na vizibo 26 vya bia, yaani 130,000, nikavisukuma vyote, nikakaza uso vile wanafanya kwenye video.

Mzee akamenya karanga. Akapuliza maganda. Akasema, "Mwanangu, mimi nimekuja kutazama," akakoli, akafungua nane na tano. Nane! Na kingi iko pale mezani inamkodolea macho, na jeki pia.

Nilimuuliza, mzee kwani hukuogopa kingi? Akajibu kwa upole kabisa, "Kingi gani?"

Banange. Hiyo ndiyo blafu yangu yote ilikuwa imekalia. Mimi nilikuwa nasema paukwa raundi tatu nzima na mwenzangu wala hajui kuna hadithi, yeye anaangalia karata zake tu, ana nane, mezani kuna nane, basi ana mbili, anataka kuona. Na tukubaliane, wengi wetu huku tumekulia kwenye matatu (ya karata jamani, ndugu zangu wa Kenya msifikirie ya abiria), na kwenye matatu hakuna kumtisha mtu aache mchezo, unatupa, unaokota, mnaenda mpaka mmoja akate au amalize. Mtu wa hivyo ukimwambia afoldi ni kama umemwambia atoke kwenye harusi kabla ya pilau.

Watu wanapenda kutaja ile blafu ya Chris Moneymaker mwaka 2003, fainali ya World Series of Poker, yale mashindano makubwa ya poka duniani, amebaki yeye na Sam Farha. Moneymaker ana kingi na saba, hajapata kitu, anasukuma zote kwenye riva, na Farha mwenye jozi ya tisa, jozi kubwa kuliko zote pale mezani, anawaza, anawaza, anafoldi. Mimi pia nimeitazama labda mara 50. Lakini angalia nani amefoldi! Farha ni mtu wa kazi hiyo, anasoma meza, anajiuliza huyu ana nini. Mweke mzee wangu kwenye kile kiti na zile tisa, angekoli kabla Moneymaker hajamaliza kusukuma, na leo hatungekuwa tunamtaja Moneymaker.

Hesabu nayo si ngumu, na mimi niliijua kabla sijakaa. Ukibeti kiasi sawa na poti bila kitu, lazima mwenzako afoldi angalau nusu ya mara ndiyo usile hasara. Ukibeti nusu ya poti, angalau mara moja kwa tatu. Mzee alikuwa hajafoldi tangu saa moja jioni. Sasa hiyo nusu nilitarajia itoke wapi?

Kinachoniuma mpaka leo si hata ile blafu. Kama saa nzima kabla, nilikuwa na kingi mbili mkononi, nzuri kabisa, mzee yuleyule mbele yangu, na nikambeti 5,000, 5,000, 5,000, naogopa atakimbia. Akakoli zote tatu! Angekoli na 40,000, alikuwa na karanga na muda. Yaani nilimwekea kidogo nikiwa na mali, nikamwekea kila kitu nikiwa mtupu. Tafadhali msome hiyo sentensi tena, hasa wewe kijana wa inboksi. Ukiwa na karata nzuri, weka nyingi, weka tena, usimuonee huruma. Ukiwa huna, achana naye. Hata ukiwa na kopa nne unangoja ya tano (tano za aina moja zinapiga jozi yoyote), usimsukume, ngoja kwa bei rahisi, maana hafoldi.

Na ndiyo, kuna siku atakupiga tu. Wewe una jozi kubwa, yeye jozi ndogo, imebaki riva, ana karata 5 za kumwokoa kati ya 44, na moja itakuja na atacheka. Usimtukane, usimfundishe poka pale mezani, na wenzangu maajenti nawaomba mkome kumfafanulia mzee kwa nini alikosea kukoli. Hakukosea! Nilikosea mimi, kwa sababu nilitaka kile chumba kiseme huyu jamaa ni mkali. Ile 195,000 nililipia sifa, na sifa yenyewe sikuipata.

Jana mzee amepiga simu, ameshafika Eldoret, Ijumaa atakuwa kwenye foleni. Ameuliza kama vizibo bado vipo. Nimemwambia vipo, na karanga safari hii nitanunua mimi.