Jibu: Upepo wa kusi unaunguza pilipili na maharagwe yangu Nyali, Mombasa

Dada, kama unavyosema ni majani ya upande wa baharini tu yanayokauka kingo, hiyo ni chumvi ya upepo, si ugonjwa. Usipoteze pesa kununua dawa. Tafuta makuti makuukuu uyafunge kwenye fito upande wa kusini mashariki, ila uache mianya. Ukiziba kabisa, upepo utaruka juu na kuishukia mimea kwa nguvu zaidi. Gunia lililochakaa nalo lafaa.

Asubuhi suuza majani kwa maji ya mfereji au ya mvua. Ya kisima yaonje kwanza, visima vingi vya huku pwani vina chumvi. Shinani tandaza makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, wauza madafu huyatupa tu. Na mchicha huvumilia chumvi kuliko maharagwe, basi uupande mbele, upande wa baharini.