Msimwondolee mto

Wadogo zangu mlioanza zamu mwezi huu, juzi nimekuta tena faili la mama wa miaka 24, mimba ya miezi saba, anahema. Limeandikwa pumu, kapewa salbutamoli, mapigo yamepanda hadi 128. Sehemu ya moyo imejazwa "kawaida". Nilimuuliza aliyemlaza kama alimsikiliza, akainamisha kichwa. Nimefoka, na nisingefoka kama nisingekuwa nawapenda.

1. Kijana anayehema, hasa mjamzito, mhesabu ni mgonjwa wa moyo mpaka umsikilize. Tonsesi za utotoni zilizokosa penisilini ndizo zinazotuletea valvu za mitrali, yaani mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, zilizobana. Mlaze ubavu wa kushoto, tumia upande wa kengele wa stetoskopu, mwambie atoe pumzi aishikilie. Ile ngurumo ya damu ikipita kwenye valvu iliyobana ni ya chini chini. Wodi ikiwa na kelele, omba watu wanyamaze.

2. Dripu. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza, usiku, niliitwa kwa mama aliyejifungua salama. Presha 90/60, mapigo 130. Nikasema moja kwa moja: anavuja damu. Pedi ilikuwa karibu kavu, niliiona kwa macho yangu. Kitandani alikuwa ameegemea mito mitatu aliyoletewa kutoka nyumbani. Niliitoa yote, nikaiweka sakafuni, nikamlaza chali, nikainua miguu, nikaagiza lita ya ringa, maji ya dripu, ikimbie. Sista wa zamu, mtu mzima, akaniambia, "Daktari, huyu mimba nzima amelala ameketi." Nikamjibu, "Presha kwanza, sista."

Haikupita nusu saa akaanza kukohoa. Kikatoka kikohozi cha povu la waridi. Tulimketisha, oksijeni, Lasix ya mshipa ya kutoa maji mwilini. Alfajiri akafariki.

Kondo likishatoka, mji wa mimba hujikaza na kurudisha damu nyingi kwenye mzunguko. Valvu iliyobana kama yake haiwezi kuipitisha. Moyo ukienda mbio ndiyo kabisa, muda wa kujaza chemba ya kushoto unakuwa mfupi, damu inarudi kujazana mapafuni. Mimi nikaongeza lita nzima juu yake. Saa 24 hadi 48 baada ya kujifungua ndizo za kukesha na mama kama huyo, hata akiwa anatabasamu.

Mama yake alikuja asubuhi kukusanya vitu. Akaiokota mito, akaikung'uta vumbi mmoja mmoja, akauliza mbona iko chini. Sikuweza kumjibu. Ningepaswa kumjibu.

3. Mapigo yasiyo na mpangilio, hesabu kwenye kifundo cha mkono na kwenye moyo kwa pamoja. Kama ni mitrali iliyobana, dawa ya kuzuia damu kuganda ni wafarini, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) 2 hadi 3, siyo vidonge vipya vya kazi hiyo hiyo. Mjamzito usimwanzishie bila kuuliza.

4. Benzathini, penisilini ya sindano inayokaa mwilini muda mrefu, kila wiki 3 au 4. Andika tarehe ya sindano ijayo kwenye kadi.

5. Rufaa itoke kabla ya uchungu. Valvu nyingi za namna hii hupanuliwa kwa puto bila kupasua kifua, lakini mgonjwa lazima afike akiwa na nafasi ya kungoja.

Mama wa juzi nimemsikiliza mwenyewe. Ngurumo ipo. Salbutamoli nimeisimamisha, eko yake, picha ya moyo, ni leo saa 4. Amekubali mje kumsikiliza kabla ya raundi, wawili wawili. Pasheni mikono moto kwanza, na msimwondolee mto hata mmoja.