Maswali ya Wasomaji: Je, Sahara Yote ni Mchanga?

SWALI: Kila ninapotazama picha za Jangwa la Sahara naona matuta ya mchanga yasiyo na mwisho. Je, jangwa lote liko hivyo? Na viumbe wanaosemekana kuishi huko hupata wapi maji?

JIBU: Picha hizo ni za kweli, ila wapiga picha wana mazoea ya kuelekeza kamera kwenye matuta na kuyapa kisogo mawe. Mchanga umefunika takriban robo tu ya Sahara, ambayo ukubwa wake unazidi kilometa za mraba milioni 9. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyanda za miamba na changarawe ambazo upepo umezichuja vumbi lake jepesi, na katikati yake imesimama milima halisi, kama vile Ahaggar ya kusini mwa Algeria na Tibesti ya kaskazini mwa Chad, ambako kilele cha Emi Koussi kinapita meta 3,400 juu ya usawa wa bahari.

Milima hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu la swali lako kuhusu maji. Mvua chache zinazoipiga huteremka kwenye magenge na kutuama katika madimbwi yenye kivuli, na mengine hayakauki mwaka mzima. Katika dimbwi la Archei, kwenye uwanda wa Ennedi nchini Chad, wamesalia hata mamba wachache, ambao mababu zao walifika huko wakati Sahara ilipokuwa nchi ya nyasi na maziwa, hali iliyokoma miaka 5,000 hivi iliyopita. Michoro ya miambani huko Tassili n'Ajjer, Algeria, inayoonyesha ng'ombe, twiga na viboko, ni ushahidi wa enzi hiyo.

Mbali na milima, maji yako chini ya ardhi, nayo mimea huyafuata. Katika jangwa la Ténéré nchini Niger ulikuwapo mgunga mmoja uliosimama peke yake, na kisima kilipochimbwa karibu nao mwishoni mwa miaka ya 1930, mizizi yake ilionekana kwenye kina cha zaidi ya meta 30. Mti huo uliovumilia ukame muda wote huo uliangushwa mwaka 1973 na lori, mahali ambapo dereva hakukosa nafasi ya kuukwepa.

Wanyama wengi, kwa upande wao, hawayatafuti maji ya kunywa kama tunavyodhani. Adaksi, swala mwenye pembe zilizojisokota na kwato pana zisizozama mchangani, hupata karibu maji yake yote katika majani anayokula. Kinachomtishia leo ni bunduki za wawindaji na kuvurugwa kwa malisho yake kuliko kiu. Feneki, mbweha mdogo kuliko wote, hushinda shimoni mchana na kutoka usiku, huku masikio yake makubwa yakimsaidia kupunguza joto na kusikia wadudu walio chini ya mchanga. Ajabu zaidi ni chungu wa rangi ya fedha, ambaye hutoka adhuhuri, jua likiwa kali kabisa na mijusi wanaomwinda wamejificha, akaokota wadudu waliokufa kwa joto na kurudi shimoni baada ya dakika chache. Nywele zake zinazong'aa hurudisha miale ya jua, na miguu yake mirefu humwinua juu ya mchanga unaoweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi.

SWALI: Ni kweli kwamba ngamia huhifadhi maji katika nundu?

JIBU: Hapana. Nundu ni akiba ya mafuta, yaani chakula cha siku za njaa. Ngamia hustahimili kiu kwa njia nyingine: mchana huacha joto la mwili wake lipande kwa nyuzi kadhaa kabla ya kuanza kutoka jasho, kisha baridi ya usiku humpoza bila gharama ya maji. Akifika kisimani baada ya safari ndefu, anaweza kunywa lita 100 kwa muda mfupi sana, kiasi ambacho kingewadhuru wanyama wengi, kwa sababu chembe zake nyekundu za damu hutanuka bila kupasuka.