Kila Jumatatu naanza upya

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kila Jumatatu naanza upya: mboga, mazoezi, usafi wa nyumba. Ikifika Alhamisi vyombo vimejaa kwenye sinki na mazoezi nimeyasahau. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mambo matatu kwa mkupuo ni mengi mno. Chagua moja. Mimi ningeanza na vyombo, maana jiko likiwa safi hata hamu ya kupika mboga inakuja yenyewe. Ukimeza tonge la mwisho usikae: sahani iende moja kwa moja kwenye maji ya sabuni, osha, suuza, futa meza, anika kitambaa. Kila mlo, vivyo hivyo, uwe umechoka au hujachoka.

Watafiti wa University College London walionyesha mwaka 2009 kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, na kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi. Kwa hiyo ukikosa leo, endelea kesho. Tafadhali usingoje wiki mpya!

Mazoezi yafuate vyombo vikishazoeleka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa mwendo wa haraka kunahesabika.